Neema na Nguvu za Mwanadamu

Methali za Kiswahili humsifu mtu wa bidii na kumkemea mvivu. Ajizi ni nyumba ya njaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtoto huyasikia maneno haya kabla hajajua kusoma, na akiisha kuwa mzazi huyarudia mbele ya wanawe kwa imani ile ile. Katika mambo ya jembe, ya duka na ya kitabu, maneno hayo ni kweli tupu. Lakini dini ya Kikristo ina fundisho moja ambalo, likisikiwa kwa mara ya kwanza, laonekana kushindana na hekima hiyo. Lasema kwamba katika jambo lililo kubwa kuliko yote, yaani wema wa moyo na wokovu wa roho, mwanadamu hasimami kwa nguvu zake mwenyewe. Husimama kwa neema ya Mungu, na anayejitegemea katika jambo hilo ndiye atakayekufa maskini.

Je, fundisho hilo ni faraja ya wanyonge au ni udhuru wa wavivu? Je, humzidishia mtu wema, ama humnyang'anya sababu ya kujitahidi? Swali ni la zamani. Lilishindaniwa kwa ukali mwanzoni mwa karne ya tano, na sehemu kubwa ya mashindano hayo ilikuwa katika bara la Afrika, upande wa kaskazini. Yafaa mashindano ya siku zile yaangaliwe tena, maana pande zote mbili zilikuwa na haki fulani, na swali lenyewe halijazeeka.

Kwanza latazamwa neno. Neema ni neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na vinywani mwa watu maana yake ya kawaida si ya kanisani. Mwaka wa neema ni mwaka wa mvua njema na mavuno mengi. Nchi ya neema ni nchi isiyojua njaa. Wakristo walipolichukua neno hili kuelezea fadhili za Mungu kwa mtu asiyestahili, walichukua pamoja nalo sura ya shamba. Mkulima hufyeka, hulima, hupanda na hupalilia; lakini hajatokea mkulima aliyeteremsha mvua kwa jembe lake. Sura hiyo yafaa kuwekwa akilini, kwa kuwa itahitajiwa mbele.

Aliyezitetea nguvu za mwanadamu alikuwa Pelagius, mtu aliyetoka katika kisiwa cha Uingereza akakaa Roma mwishoni mwa karne ya nne. Watu wengi hulitaja jina lake kana kwamba alikuwa adui wa dini. Haikuwa hivyo. Alikuwa mtu wa maisha safi, mwenye kuheshimiwa hata na wale waliompinga. Katika mwaka 380 Kaisari Theodosius alikuwa ameufanya Ukristo kuwa dini ya dola, na tangu hapo wengi waliingia kanisani kwa sababu ya cheo au ya desturi. Pelagius aliwaona Wakristo wa jina waliokula, waliodhulumu na kuzini, kisha wakasema kwamba mwanadamu ni dhaifu na mwili hauna budi kushinda. Udhuru huo ulimchukiza. Kadiri ya mwaka 413 alimwandikia barua Demetrias, binti wa ukoo mkubwa wa Roma aliyekuwa ameweka nadhiri ya ubikira. Katika barua hiyo alishika hoja moja nyepesi kufahamika na nzito kuijibu: Mungu ni mwenye haki, na mwenye haki hamwamuru mtu asiloliweza. Basi ikiwa Mungu ameamuru wema, mwanadamu anao uwezo wa kuwa mwema.

Neema, kwa maoni ya Pelagius, ilikuwako, lakini ilikuwa ya namna yake. Mungu amempa mtu akili na hiari. Amempa sheria ya kumwonya. Amempa mfano wa Kristo wa kuuiga. Tena amemsamehe makosa yaliyopita. Baada ya kupewa hayo yote, kazi iliyobaki ni ya mtu mwenyewe. Alama zimewekwa njiani, na miguu anayo. Asipofika, ni kwa kuwa hakutaka kutembea. Msomaji yeyote aliyewahi kuwa mwalimu huona mara moja utamu wa hoja hii. Ndiyo hoja ambayo kwayo shule zote huendeshwa.

Aliyempinga alikuwa Augustino, Askofu wa Hippo, mji ambao leo huitwa Annaba katika nchi ya Algeria. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi hiyo hiyo, akawa mwalimu wa ufasaha wa maneno Carthage, Roma na Milan, na alibatizwa mwaka 387 akiwa mtu mzima. Kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika karibu na mwaka 400, ni historia ya mtu aliyekuwa na akili nyingi, elimu nyingi na nia njema, na bado akashindwa kujitawala. Humo ameeleza ajabu moja iliyomsumbua. Nafsi huuamuru mkono uinuke, na mkono huinuka pale pale. Lakini nafsi hiyo hiyo inapojiamuru yenyewe itake jema, haitii. Mkono ni kitu kingine, nao watii. Nafsi ni ile ile moja, nayo yakataa. Augustino alisema kwamba sababu ni moja: nafsi haitaki kwa ukamilifu wake. Yataka nusu, na nusu nyingine yashikilia mazoea ya zamani.

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi. Pelagius alidhani kwamba hiari ya mtu ni kama mizani iliyosimama sawa, ambayo mwenyewe aweza kuielekeza kokote wakati wowote. Augustino aliona kwamba mizani imekwisha kuinama kabla mtu hajaanza kupima. Mlevi huapa asubuhi kwamba hatainywa tena. Anaapa kwa moyo wake wote, na asubuhi ile husema kweli. Jioni inapofika, yule aliyeapa hayupo, yuko mwingine mwenye sura yake. Kumwambia mtu huyu kwamba anaweza ikiwa anataka si kumsaidia, maana ugonjwa wake umo ndani ya kule kutaka. Haja yake ni kupewa moyo mwingine, na moyo hakuna ajipaye. Kwa sababu hiyo Augustino aliandika katika Maungamo sala ya kumwomba Mungu ampe lile ambalo yeye Mungu mwenyewe ameliamuru. Pelagius aliposomewa sala hiyo huko Roma alikasirika sana. Kwake ilikuwa kana kwamba mtumishi amwambia bwana wake amfanyie kazi.

Mambo yaliyofuata yajulikana katika historia ya Kanisa, nayo yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Wagothi waliuteka mji wa Roma mwaka 410, na wakimbizi wengi walivuka bahari kuja Afrika, naye Pelagius akiwamo. Kisha akaenda Palestina. Mwaka 415 baraza la maaskofu huko Diospolis lilimwona hana hatia. Maaskofu wa Afrika hawakuridhika, na mwaka 418 mtaguso wa Carthage ulilihukumu fundisho lake, Kaisari Honorius akaamuru wafuasi wake wafukuzwe Roma. Hukumu za mitaguso humaliza kesi, walakini hazimalizi swali. Kila mtu aliyejitahidi kuwa mwema amewahi kuwa upande wa Pelagius asubuhi na upande wa Augustino jioni.

Mara nyingi mafundisho haya mawili hupimwa kwa kuuliza ni lipi linalomtukuza Mungu zaidi. Yako mafaa pia katika kuyapima kwa njia nyingine, yaani kuuliza kila moja lamtendea nini mtu aliyeanguka. Pelagius alikusudia kuwatia watu moyo. Alitaka kumwambia mnyonge kwamba yeye si mnyonge. Lakini maneno yale yana upande wa pili. Ikiwa kila mtu aweza kusimama, basi kila aliyeanguka alipenda kuanguka. Hapana aliyechoka, hapana aliyelelewa vibaya, hapana aliyezidiwa. Wako wanaotaka na wako wasiotaka. Fundisho lililoanza kwa kumpa mwanadamu heshima lamalizika kwa kumnyima huruma. Tena aliyesimama hupata haki ya kujisifu, na kujisifu ni maradhi yasiyo na maumivu: mwenye nayo huwa wa mwisho kuyajua.

Wawekwe mbele ndugu wawili. Mmoja amelelewa na mama mpole, amefundishwa na walimu wema, na tabia yake tangu utotoni ni ya upole. Wa pili amekua katika nyumba ya ugomvi, damu yake yachemka upesi, na rafiki aliowapata ni wale aliowapata. Wa kwanza hapigani na mtu, naye husifiwa; wa pili hupigana kila juma, naye hulaumiwa. Lakini huenda siku moja ambayo wa pili amejizuia asipige imemgharimu nguvu zaidi kuliko miaka yote ya utulivu wa mwenziwe. Nani aijuaye mizani ya mambo haya? Paulo aliwauliza Wakristo wa Korintho ni kitu gani walichokuwa nacho ambacho hawakupewa, na kama walipewa, kwa nini wajisifu. Augustino alilirudia swali hilo mara kwa mara katika vitabu vyake, kwa kuwa aliona kwamba lafunga kinywa cha kila mwenye majivuno. Hata bidii ya mtu mwenye bidii ina asili yake: imetoka kwa mzazi, kwa mwalimu, kwa afya ya mwili, kwa tumaini ambalo mtu alitiwa moyoni kabla hajajua kuchagua.

Sasa laja pingamizi la kwanza, nalo ni lile la wavivu. Ikiwa wema wote ni kipawa, kwa nini mtu ajisumbue? Pingamizi hili halikubuniwa na maadui. Lilitoka katika nyumba ya watawa huko Hadrumetum, mji wa Sousse katika Tunisia ya leo. Mtawa mmoja alinakili waraka wa Augustino juu ya neema akawapelekea wenziwe, na nyumba ikaingia fitina. Baadhi yao walisema kwamba, ikiwa mambo ni hivyo, mkuu wa nyumba hana haki ya kumkemea mtawa aliyekosa. Amwombee tu kwa Mungu apewe ile nguvu aliyoikosa, basi. Habari zilipomfikia Augustino, katika miaka ya 426 na 427, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini. Aliwajibu kwa vitabu viwili, kimoja juu ya neema na hiari, na kimoja juu ya makemeo na neema.

Jibu lake lilikuwa kwamba neema haiondoi hiari, huiponya. Mtu anapotenda jema kwa neema, ni yeye atendaye, na mapenzi yake ndiyo yatakayo. Lakini kule kutaka kwake kumeamshwa. Na makemeo je? Hayo nayo ni chombo kimoja ambacho Mungu hukitumia kumwamsha mtu. Anayekataa kukemewa kwa sababu ya neema ni kama mgonjwa anayekataa dawa kwa sababu uponyaji hutoka kwa Mungu. Hapa sura ya shamba yarudi kutoa msaada. Mvua haikumpa mkulima ruhusa ya kulala. Kinyume chake, ni mvua inayoifanya kazi ya jembe kuwa na maana. Katika nchi isiyonyesha kamwe hapana alimaye. Mkulima halimi ili ainunue mvua, wala haachi kulima kwa kuwa mvua si yake. Hulima kwa kuwa anaitumaini, na mavuno yakija hushukuru. Jirani yake akipata ukame hamcheki, maana ajua kwamba mawingu hayakupita juu ya shamba lake kwa ajili ya ustadi wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo halina jibu jepesi. Ikiwa neema ni ya Mungu tupu, kwa nini mmoja apewe na mwingine asipewe? Julian, Askofu wa Eclanum katika Italia, aliyekuwa kijana na mwerevu, alimshika Augustino hapo na hakumwachia mpaka kifo. Alimshitaki kwamba amemfanya Mungu kuwa dhalimu, awahukumuye hata watoto wachanga. Augustino alijibu kwa kusema kwamba wote wamestahili hukumu, na anayesamehewa amesamehewa kwa huruma, na asiyesamehewa hakudhulumiwa. Na sababu ya uchaguzi huo imo katika siri ya Mungu. Jibu hilo limekuwa chungu kwa watu wengi, na uchungu huo si wa bure. Kanisa la Magharibi lenyewe halikumfuata mpaka mwisho. Mtaguso wa Orange wa mwaka 529 ulithibitisha kwamba hata mwanzo wa imani ni neema, lakini ukakataa kabisa kwamba wako watu waliopangiwa uovu na Mungu. Yaonekana kwamba fundisho la neema ni salama maadamu mtu alitumia kuelezea wema wake mwenyewe. Likitumiwa kuelezea upotevu wa mwingine, lageuka kuwa upanga.

Na upanga wenyewe ulikuja. Katika Afrika ya Kaskazini lilikuwako kanisa la Wadonati, lililojitenga baada ya mateso yaliyoanza mwaka 303. Wadonati walisema kwamba viongozi waliotoa vitabu vitakatifu wakati wa mateso wameharibika, na kwamba ubatizo wa mikono yao si kitu. Augustino aliwajibu kwa neema: ubatizo ni wa Kristo, nao hauharibiki kwa unyonge wa mhudumu. Hoja ilikuwa njema na yenye huruma. Lakini Wadonati walipokataa kurudi, alizikubali sheria za Kaisari za kuwashurutisha, na mwaka 408 aliandika waraka wa kuutetea mwendo huo. Baada ya mkutano wa Carthage wa mwaka 411 sheria zilizidi kuwa kali, watu wakatozwa faini, makanisa yakachukuliwa. Kwa haki yake yafaa kusemwa kwamba aliwasihi mahakimu wasiwaue hata wale Wadonati waliokuwa wameua. Hata hivyo jambo lenyewe labaki. Mtu aliyefundisha kuliko wengine wote kwamba moyo hugeuzwa na Mungu alipaswa kuwa wa mwisho kuomba msaada wa askari. Mahali pale alipowategemea askari, Augustino alikuwa ameziamini nguvu za mwanadamu kuliko Pelagius.

Hatari ya namna hii haikuishia Hippo. Katika Afrika ya Mashariki fundisho la neema lilipata maisha mapya katika Uamsho ulioanzia Gahini katika Rwanda na Kampala katika Uganda. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala wakasali pamoja. Na katika miaka ya 1930 moto ule ulienea Burundi, Kenya na Tanganyika. Alama yake kubwa ilikuwa kuungama mbele ya wenzi. Mzungu na Mwafrika, mume na mke, mwalimu na mpishi walisimama mahali pamoja wakakiri kwamba hawana cha kujisifu. Katika siku za ukoloni hilo halikuwa jambo dogo. Na hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi wa Oktoba 1952, walikuwako watu wa Uamsho waliokataa kiapo cha Mau Mau, na pia wakakataa kushika bunduki za serikali, na baadhi yao waliuawa. Watu hao hawakuwa mashujaa kwa maelezo yao wenyewe. Walisema nguvu ile haikuwa yao. Hapo msomaji aweza kuona jinsi ambavyo kukiri unyonge hakukuzaa uvivu wala woga.

Lakini ndani ya Uamsho huo huo lilikuwako jaribu. Kuokoka kulipoanza kuwa jina la kundi, wengine walilivaa jina hilo kama cheo, wakawaona Wakristo wenzao kuwa watu waliolala. Mwaka 1941 mgogoro kati ya waliookoka na wakuu wa chuo cha theolojia cha Mukono ulimalizika kwa wanafunzi kufukuzwa, William Nagenda akiwamo. Katika ugomvi ule lawama ziliruka huku na huku, na si zote zilizokuwa za haki. Funzo lake hata hivyo ni wazi. Neema yaweza kugeuzwa mali. Mtu aweza kujisifu kwamba yeye hajisifu, na kumdharau Farisayo kwa sauti ile ile ambayo Farisayo alimdharau mtoza ushuru.

Kwa hiyo kipimo cha mtu anayeitegemea neema hakipatikani katika maneno ya kinywa chake, wala katika ushuhuda wake wa wokovu. Chapatikana anapomkuta mwenziwe ameshindwa pale ambapo yeye ameshinda. Akisema moyoni kwamba mwenziwe hakutaka, basi hata kama ni mwanafunzi wa Augustino kwa jina, ameingia nyumba ya Pelagius kwa mlango wa nyuma. Akikumbuka kwamba yeye naye alishikwa mkono, na akaunyosha mkono wake bila kuhesabu, amelifahamu fundisho hata kama hajasoma kitabu kimoja cha theolojia.

Methali za bidii nazo zibaki mahali pake. Ajizi itaendelea kuwa nyumba ya njaa, na mwanafunzi asiyesoma hataokolewa na mabishano ya karne ya tano. Lakini kazi ikiisha kufanywa na matunda yakionekana, lipo swali ambalo bidii haiwezi kulijibu, nalo ni swali la shukrani: ashukuriwe nani? Aliyejitegemea hana wa kumshukuru ila nafsi yake, na shukrani ya namna hiyo humwacha mtu mpweke. Augustino alipokuwa akifa mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake, aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akazisoma huku akilia. Alikuwa ameandika vitabu vingi kuliko watu wengi wasomavyo, na alikuwa askofu kwa zaidi ya miaka thelathini. Wala hakuorodhesha kazi zake ukutani pale. Mtu aliyekuwa ameshinda mabishano yote alitaka kufa kama mwombaji, naye hakuona aibu.